Mlango wa Njano, Germantown

Jumatano nilimsindikiza shangazi yangu, muuguzi, mbele ya kamati ya mtaa wake hapa Germantown, Marekani. Kosa lake ni kupaka mlango rangi ya njano. Kanuni inataka kila mlango uwe wa kijivu.

"Nyumba zinafanana mno," alijitetea. "Nikitoka zamu ya usiku, nachokonoa kitasa cha huyu babu."

Babu mwenyewe, jirani yake Mwingereza, akasimama kwa mkongojo.

"Nilizaliwa kijiji kidogo kando ya jumba la bwana mmoja," alisema. "Nyumba zetu zote zilikuwa zake, na kila mlango aliupaka kijani. Baba yangu alimtunzia bustani. Alitamani mlango mwekundu mpaka akafa. Leo watalii wanaipiga picha milango ile, wanasema inapendeza."

 

Shangazi akaninong'oneza, "Mwanangu, kumbe hata wazungu walikuwa na mzungu wao!"

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kanuni ni kanuni. Mlango urudi kijivu kufikia Jumapili."

Jumapili asubuhi nilifika na brashi na kopo la kijivu, nikakwama barabarani nisijue nibishe hodi wapi. Milango ya njano ilikuwa miwili, na wa babu ulikuwa bado haujakauka.

Kamati sasa ina kesi mbili. Shangazi naye amerudi kuchokonoa kitasa kilekile.