Vidole vya Honorine

Mababu zetu wa Grasse, mji wa kusini mwa Ufaransa, walikuwa watengeneza ngozi, na kwa kuwa ngozi ilinuka, wakaanza kutia glavu marashi ili mabibi wakubwa wasizibe pua. Glavu zikasahaulika, marashi yakabaki. Honorine Isnard aliingia kiwanda cha marashi akiwa na miaka kumi na sita, na kwa miaka ishirini na mitatu kazi yake ikawa ileile: kupanga maua ya asumini juu ya vioo vilivyopakwa shahamu, shahamu inyonye harufu, kesho yake ayatoe yaliyochoka na kupanga mapya.

Kisha homa ikamlaza wiki tatu. Alipopata nafuu hakusikia harufu ya chochote, hata kitunguu saumu. Hakumwambia mtu. Mjane asiye na pua, katika mji unaoishi kwa pua, angekula nini? Akaviachia vidole kazi: ua lililochoka hulegea, lenye uhai hugoma kidogo. Vidole vilitosha, ila kila siku alikwenda kazini roho mkononi.

Asubuhi moja ya Agosti vikapu vililetwa mapema kuliko kawaida. Msimamizi, Fortuné Maubert, akainamia kimoja, akafumba macho.

"Hii ndiyo asumini. Panga basi, Honorine, au unangoja kualikwa?"

Honorine akazamisha mkono hadi chini ya kikapu.

"Sipangi."

"Hujaamka vizuri wewe. Hebu nusa kwanza."

"Ya chini yamelowa, bwana Maubert. Yamechumwa yakiwa bado na umande. Tukiyapanga, shahamu itachacha yote, na kazi ya mwezi mzima itakuwa bure."

"Nimekwambia unuse."

Uongo ukamshinda. "Siwezi kunusa. Tangu homa ile. Nifukuze ukitaka, lakini haya hayapandi kwenye kioo changu."

Wanawake wa meza ya pili wakaacha kazi. Maubert akatia mkono wake kikapuni, akautoa umelowa, akaufuta taratibu kwenye aproni.

"Najua huwezi," akasema. "Tangu Pasaka unakula mkate wako kando ya choo, peke yako, umetulia kama uko harusini. Nilikuwa nangoja ukosee nikuondoe. Miezi minne sasa, hujakosea."

Honorine akakishusha kikapu sakafuni, mbali na vioo.

"Kuanzia kesho utasimama mlangoni. Ua ambalo hujaligusa halipandi kioo cha mtu yeyote." Maubert akageuka aende zake, akasita. "Na mkate wako, ukale na wenzako."