Ufuta wa Kando ya Njia ya Nyangwe

Mume wangu alikuwa fundi wa baiskeli pale Kasongo, na ukaidi wake mtaa mzima uliujua. Akishaanza kitu, chakula kipoe kisipoe, shauri yako. Kwa hiyo asubuhi nilipomkuta anaupaka mkeka wa mama yake mafuta ya mawese, sikushangaa. Niliogopa tu. Mkeka ule mama mkwe aliusuka mwenyewe, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko kisu changu cha jikoni.

Yote yalianzia mgongoni mwa mama. Miaka ile, Wabelgiji wangali wanatawala, pamba tuliilima kwa lazima, tupende tusipende, na mkaguzi alipita kuangalia. Pamba ilikuwa ya serikali. Ufuta ulikuwa wa mama. Kashata zake za Idi zilingojewa hata na jirani zetu Wakristo, ambao nadhani walikuwa wakiutafuta mwezi kuliko sisi wenyewe. Lakini msimu ule hakuweza tena kuinama. Wanawe wakakaa, wakaamua shamba lake la kando ya njia ya Nyangwe apewe ndugu mwingine, yeye apumzike. Hakubishana. Aliingia chumbani, akalala mchana kweupe. Mimi na yeye hatukuwa chanda na pete, tena mbali sana, lakini siku hiyo niliumia kama ni mama yangu mzazi.

Mume wangu aliwaomba nduguze wangoje mvua za kwanza. Angetengeneza kitu cha kupanda ufuta mtu akiwa amesimama wima. Walimcheka, lakini wakakubali kungoja.

Ufuta una matata yake. Ni mdogo, unateleza, na ukiota umebanana hauzai kitu. Alianza na kopo la maziwa alilolitoboa matundu: makubwa yakamwaga mbegu zote, madogo yakaziba. Akalitupa. Kisha akachonga kijigogo cha mti mgumu, akakichoma vishimo kwa ncha ya spoki ya gurudumu iliyopashwa moto, mimi nikipuliza makaa na kukohoa. Kila kishimo kingechota mbegu chache tu kutoka kisanduku cha juu yake, na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kingefuta zilizozidi. Gurudumu la mbele lilikizungusha kijigogo, ulimi wa bati ukafungua udongo, na nyuma mnyororo mkuukuu ukaburutwa kufukia. Mpini ulimfika mama kiunoni.

Sasa, udongoni mbegu ya ufuta huioni. Ndiyo sababu ya mawese: mbegu ikidondoka mkekani inanata pale pale, nawe unaona zimeachana vipi.

Mama akatoka. "Mukeka wangu! Sasa munapanda ufuta mu mukeka?"

"Mama, angalia kwanza," mume wangu akasema.

Hakuweza kuinama aangalie, basi akaniamuru niuinue mkeka hadi usoni pake. Alipitisha kidole kwenye mstari wote, polepole. "Hapa mbegu iko mingi. Hapa hakuna kitu. Mimi sipandake hivi."

Kijigogo kikachongwa upya. Mkeka ukapakwa tena, na tena, na mimi nikauinua hadi mikono ikaniuma. Jioni moja alipitisha kidole hadi mwisho wa mstari, akasema, "Sawa. Lakini mukeka mutanisukia mungine."

Mvua zilipoanza alivaa kitenge chake kizuri, cha kwendea harusini, akaenda kupanda. Alitembea wima. Kila aliyetoka Nyangwe na samaki alisimama kumsalimu na kuuliza anasukuma nini, naye akasimama kujibu, na kuulizia watoto, na wagonjwa. Akizungumza, mikono yake haikutulia: aliisukuma mashine mbele na nyuma kama anayebembeleza mtoto.

"Mama, usirudishe nyuma! Mbegu inamwangika!" mume wangu alipiga kelele.

"Nyamaza. Niko nasalimia mutu."

Sijawahi kumwona na furaha ile. Homa ilimshika ufuta haujachomoza, na haikumwachia.

Matanga yalipokwisha tulikwenda shambani, mimi na mume wangu, kupunguza miche. Mistari ilinyooka, miche imeachana vizuri. Ila kando ya njia paliota vichaka vichaka, miche imesongamana, kila mahali aliposimama. Mume wangu, ambaye hakuweza kuvumilia hata mbegu mbili zikigusana, alichuchumaa kwenye kichaka cha kwanza kuking'oa.

"Hapo alikuwa anazungumza na mama mwenye samaki," nikamwambia.

Akauacha mkono wake hewani, akasogea kwenye cha pili.

"Hapo ndipo alipokugombeza."

Akacheka, machozi yakamtoka. Tukaenda hivyo hadi mwisho wa shamba, mbali na njia, ambako hapiti mtu. Napo palikuwa na kichaka, kikubwa kuliko vyote.

"Na hapa alimsalimu nani?" akaniuliza.

Siku ile ya kupanda, mama aliniita pale, akaiweka mikono yangu kwenye mpini na yake juu ya yangu, tukawa tunaisukuma mbele na nyuma pamoja. "Shika vizuri, mutoto wangu," aliniambia. "Mwaka kesho ni weye."

Nikamwambia mume wangu. Alisimama, akajipangusa udongo kwenye suruali, na hatukung'oa hata mche mmoja.