Udongo wa Chini ya Maji

Kaka yangu mkubwa alikuwa afisa wa jeshi la majini. Mwaka alioteuliwa kusafiri na meli ya utafiti hadi bahari za kusini, kwenye barafu, kupima sakafu ya bahari ambayo haijapimwa, alikuja nyumbani Kisaju kujiandaa. Ndiyo, Kisaju, kwenye ukame ule. Majirani walicheka mpaka wakachoka. Mimi nilimwona kila siku na sijaona tena mtu wa kujiandaa namna ile.

Mjini Kitengela alinunua furushi la sweta za mitumba, kisha akamshawishi mwenye bucha amfungie ndani ya friji kubwa ya nyama ili mwili uzoee baridi. Alitoka humo amepauka kama matumbo yaliyooshwa, anacheka. Alijifunza kushona majeraha kwa kushonea ngozi ya mbuzi. Kuoga kwa kikombe kimoja cha maji hakujifunza. Hilo sisi wa Kisaju tulizaliwa nalo.

Likabaki jambo moja: Mama. Kwetu sisi Wakamba mtu haendi mbali kabla mama yake hajatema mate viganjani na kumpaka usoni. Mama alikuwa nguzo ya kanisa, lakini mate na maombi kwake hayakuwa na ugomvi.

Alikataa. Alikuwa ameuliza mtu akifia huko anafanywa nini, na kaka, asiyejua kudanganya, akamwambia anafungwa kwa kitambaa na kushushwa majini.

"Kijana yangu hatatupwa kwa maji," Mama alisema. "Maji haina mwisho. Mtu anazikwa kwa udongo."

Kaka aliniambia nyuma ya jiko kwamba bila mikono ya Mama angemwachia mwenzake nafasi. Niliwakasirikia wote wawili. Kazi yote ile, na siku zinayoyoma!

Asubuhi moja akarudi kutoka Kitengela na jiwe la mzani la yule mwenye bucha, kamba ndefu, na bonge la mafuta ya kondoo. Akamwita Mama kisimani. Kisima kile wazazi wetu walikikuta waliponunua shamba, na hakuna aliyewahi kuiona sakafu yake. Alishindilia mafuta kwenye tundu lililokuwa chini ya jiwe, akaeleza kwamba mabaharia wa zamani walipima hivyo. Akalishusha mpaka kamba ikalegea, akalivuta. Kwenye mafuta pamenasa tope jeusi na changarawe.

Mama alilichukua tope, akalinusa, akalisugua kwa vidole kama afanyavyo kabla ya kupanda.

"Na kwa bahari?"

"Ni hivi hivi, Mwaitu, mama yangu. Ni mbali kufika, lakini chini kuna udongo. Kila mahali."

"Kumbe maji imelala tu juu ya udongo!" Akatema mate viganjani, akampaka paji la uso na mashavu. "Enda. Lakini uniletee hio ya huko nione."

Nililia palepale, bila aibu.

Alirudi mzima, tena amenenepa, na kopo la tope la kijivu lililotolewa chini ya bahari. Majirani walikuja kuliona kama wanaokuja kuona mtoto mchanga. Walipomaliza kushangaa, Mama akapanda kunde ndani yake. Alizimwagilia kiangazi kizima, akizigawia maji yake ya kunywa. Hakikuota kitu.

Kisha kaka akaitwa safari ya pili. Alikuja akapiga magoti mbele ya Mama, kichwa ameshainamisha, tayari kupakwa. Mama aliingia ndani, akarudi na lile kopo, akaliweka mbele yake.

"Nimeipatia maji yangu, imeshindwa kuotesha hata kunde moja," alisema. "Udongo yenye haiwezi kulisha mtu, itamzika kwa haki gani?"

Hakutema mate, na kaka hakwenda.