Boila Iliyozibwa kwa Gunzi

Mwanangu, ipo asubuhi moja ambayo nikiikumbuka hadi leo huacha kwanza kazi niliyoshika, nikamshukuru Mungu, ndipo niendelee.

Nilikuwa mke kijana, tumehamia nyumba yetu ya kwanza hapa Machakos, chini ya kilima, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Boila ya zamani ilikuwa imeliwa na kutu, na fundi Kioko akatuwekea mpya juu ya dari ya bafu. Akaiwekea valvu ndogo yenye kibomba kinachotokea nje ukutani. "Hii itakuwa inadondoka kidogo. Muiache tu," akasema, akakusanya vyombo vyake akaenda. Sisi tulishapata maji moto, maswali ya nini?

Haukupita muda nikajifungua, na mama mkwe akaja kutoka Masii kunisaidia kulea, kama ilivyo desturi. Yule mama alikulia kwenye ukame. Maji yake yalitoka chini ya mchanga wa mto mkavu, akayabeba mgongoni, kamba ikimkata kipaji cha uso. Mtu kama huyo humwonyeshi maji yakidondoka ardhini mchana kutwa halafu ukategemea anyamaze.

"Hii inamwaga maji kwa nini?" akaniuliza.

"Fundi alisema tuiache, Mama."

Akaguna. Nilipoingia ndani akachonga gunzi la mahindi, akaligongomea kwenye kibomba na kulikaza kwa ukanda wa mpira. Hakumwambia mtu.

Sasa, mtaani kwetu maji yalikuwa ya mgao. Yakifunguliwa asubuhi yalishuka kutoka kilimani kwa presha ya kutisha, hata mipira ya bustani ilichomoka. Asubuhi ile ninayokusimulia nilikuwa nimeweka karai bafuni nimwogeshe mtoto. Nilipofika mlangoni akalilia ziwa, nikarudi kitandani kumnyonyesha. Mabomba yakaanza kugonga ukutani. Kisha ukasikika mlipuko, nyumba nzima ikatetemeka.

Dari yote ya bafu ilikuwa chini. Boila imepasuka ubavuni, mvuke umejaa bafu, na lile karai limebondeka chini ya chuma. Nilimkumbatia mtoto kwa nguvu. Nilikuwa nikiyajua maji ya kunywa na ya kufulia. Hayo niliyoyaona siku hiyo nilikuwa siyajui.

Mama mkwe alisimama mlangoni, mikono kichwani. "Ngai wakwa! Mungu wangu! Hii maji nimebeba na mgongo tangu niko msichana. Kumbe iko na nguvu hivi!" Hakulificha gunzi lake. Alitoka nje akalichomoa mwenyewe, akaniwekea mkononi. Kisha akanitazama usoni.

"Lakini mimi niliuliza kwa nini. Ukaniambia fundi amesema. Fundi analala hapa na huyu mtoto?"

Nikatuma Kioko aitwe, mwanangu.

Kioko alipoleta boila nyingine, mama mkwe ndiye aliyemsimamia. Alimbana kwa maswali mpaka jasho likamtoka. Ndipo tukajua kwamba maji yakipata moto hutanuka, nayo yanataka pa kupumulia, na hiyo ndiyo kazi ya kile kibomba. Na presha ikiwa kubwa hupunguzwa kwa valvu nyingine pale maji yanapoingilia nyumbani kutoka barabarani. Ikawekwa siku hiyo hiyo. Chini ya kibomba mama akatega ndoo, akamwagilia sukuma wiki.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Basi nakuusia hivi: kitu chochote kikiingia nyumbani mwako, usiridhike kwamba kinafanya kazi. Uliza sababu ya kila kipande chake, halafu uwaambie wote wanaolala chini ya paa lako, mzee na mtumishi. Na mtu akikuuliza kwa nini, usimjibu kwa maneno ya fundi usiyoyaelewa. Mwambie hujui, mkatafute pamoja.

Mungu akujalie maji yasiyokauka, mwanangu, na nyumba ambamo mtu akiuliza hujibiwa. Watoto wako waoge salama.