Mbegu Zilizobaki Juu ya Moto wa Mavyaa

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano, mwaka ambao mtoto wangu wa kwanza alikuwa bado wa mgongoni. Asubuhi mto ulibeba daraja la upande wa Kilifi, na jioni ya siku hiyohiyo nikajua kwamba tumepoteza mahindi yetu yote. Mwanangu, siku hiyo nimeishi nayo muda mrefu. Naiandika sasa kwa sababu mtu aliyekuwa akinisaidia kuikumbuka, mume wangu Karisa, tulimzika mwaka jana.

Sikusoma sana. Nitakueleza kama nilivyoona.

Tulikaa Matsangoni, ndani kidogo kutoka barabara kuu, na mpaka leo nakaa papo hapo. Karisa alikuwa akifanya kazi ya kuhudumia meza kwenye hoteli moja huko Watamu. Alikuwa kijana nadhifu. Viatu vyake vyeusi alivipaka rangi kila siku, hata siku za matope. Mtoto wetu alipozaliwa tulimpa jina la babake Karisa, Thoya, kama ilivyo desturi yetu, na kwa sababu hiyo mavyaa, yaani mamake Karisa, alimwita "mume wangu." Akimwona ananyonya, alikuwa akiniambia, "Wewe, mwachie mume wangu apumue. Mtu mzima yule."

Jiko letu lilikuwa banda la udongo nyuma ya nyumba. Juu ya mafiga kulikuwa na uchaga, ile dari ya fito tunayowekea mahindi na maganda yake. Unapika chini, moshi unapanda juu, mahindi yanakauka na wadudu hawayasogelei. Nyumba zote za kwetu zilikuwa hivyo, na hakuna aliyefundishwa darasani. Ukiingia jikoni ukaona mahindi yamekuwa meusi kwa masizi, unajua hapa pana chakula.

Basi mtoto akaanza kuumwa macho. Karisa akasema ni moshi. Alipopokea mshahara akaninunulia jiko la mafuta ya taa, akalisimamisha barazani penye upepo, akaniambia, "Kuanzia leo moshi haukuingii machoni tena, wala mtoto." Nilifurahi, sitakuficha. Unga tulikuwa tunanunua dukani, wa pakiti, mweupe usio na harufu. Mahindi ya uchagani tukayaacha pale pale kama akiba. Hiyo ndiyo ilikuwa lugha yetu: yale ni akiba, tusiyaguse. Yalikuwa mavuno ya mwezi wa nane, tukayaacha tangu mwezi wa kwanza mpaka mwezi wa tano, bila moto chini yake hata siku moja.

Mavyaa peke yake ndiye aliyeendelea kuwasha kuni katika kibanda chake. Alisema mgongo wake unataka joto. Sisi tulimcheka kidogo kwamba ananukia moshi hata kanisani. Naye alikuwa akijibu, "Nusa vizuri, ndiyo harufu ya mtu aliyekula."

Daraja lilipokwenda, lori za kutoka Mombasa hazikupita. Watu wa kwetu walikimbilia Malindi, wakakuta wenyeji wa Malindi wamekwisha kukimbilia maduka hayohayo. Zilibaki sabuni na viberiti. Hoteli ikafungwa kwa kuwa wageni hawafiki, Karisa akarudi nyumbani kwa miguu. Kabla jua halijatua, mafuta ya taa nayo yakaisha. Bado hatukuogopa, maana tulikuwa na akiba.

Jioni ile ya kwanza nilipanda uchagani. Nikashika gunzi la kwanza, likawa jepesi kama gamba la yai. La pili vivyo hivyo. Vumbi jeupe lilinimwagikia usoni, na fukusi wakatembea mikononi mwangu. Nilishuka nikakaa chini. Mavyaa alikuwa amesimama mlangoni. Hakunigombeza kwa sauti.

"Kadzo," akasema, "ulipanda kuyaangalia lini?"

"Sijapanda, mama. Tuliyaweka akiba."

"Akiba ya nani?"

Nikajipangusa vumbi usoni.

"Kitu ambacho hukiangalii si chako tena," akasema. "Hao ndugu wanaokutembea mikononi ndio wenyewe sasa. Wamekiangalia kila siku."

Akaondoka. Sikuwahi kusahau swali lile la akiba ya nani, na nimewauliza wanangu wote mpaka wamechoka nalo.

Mvua haikukatika. Mahindi machanga tuliyokuwa tumepanda shambani mwezi wa nne yalilala majini, yakaoza mashina. Kwa hiyo hatukuwa na chakula cha leo wala cha mwezi wa nane. Tulikuwa na kitu kimoja tu. Juu ya moto wa mavyaa, katika kile kibanda tulichokuwa tukikicheka, yalining'inia mahindi ya mbegu, yamefungwa mawili mawili kwa maganda yake, meusi ti kwa masizi. Kila mwaka alikuwa akitoa nusu ya mbegu kwa upanzi wa kwanza na kuzuia nusu, mvua isije ikala ule wa kwanza. Hakuna punje iliyotobolewa.

Maziwa yangu yakaanza kupungua. Thoya alinyonya, akaachia, akalia, akanyonya tena. Karisa hakuweza kuvumilia kilio kile. Aliingia kwa mamake akiwa bado amevaa vile viatu vya hotelini, nami nilikuwa ndani nimekaa karibu na moto.

"Mama, nishushie mahindi."

"Mahindi yapi?"

"Hayo hapo juu."

"Hayo ni mbegu."

"Mbegu ni mahindi, mama. Yakisagwa ni unga."

"Nawe ulipozaliwa ulikuwa mnono," mavyaa akasema huku akisogeza kuni. "Mwaka ule pia palikuwa na njaa. Mbona sikukula wewe?"

Nilicheka bila kutaka. Karisa hakucheka.

"Mtoto analia, mama."

"Namsikia. Ni mume wangu, wewe utamsikia kunishinda? Analia kwa sababu mamake hali. Kule bondeni kuna muhogo nilioupanda mwaka juzi. Kachimbe."

"Ule umekuwa miti. Na mtu hawezi kula muhogo asubuhi na jioni."

"Hoteli imefungwa, mwanangu. Vua viatu."

Alisema kwa upole kabisa. Kisha akachukua jembe lake mwenyewe, mwanamke mwenye mgongo mbovu, akatoka kwenye mvua kwenda bondeni.

Karisa alibaki amesimama akiangalia juu. Halafu akanigeukia.

"Kadzo, shusha wewe. Yeye hagombani nawe. Mawili tu, umpikie mtoto uji."

Mwanangu, hapa ndipo nataka unisikilize. Mtoto aliyekuwa akilia alikuwa wangu, na mimi ndiye niliyekuwa na njaa ya kunyonyesha. Uji ule nilikuwa nauona. Lakini nilijua pia kwamba mawili yakishuka leo, kesho yatashuka mengine mawili, na hakuna atakayejua siku ya kusema basi. Barabara hakuna aliyejua itafunguka lini. Kama tungekula mbegu, tungeshiba wiki chache, halafu mvua ikitulia tungesimama mbele ya shamba tupu mikono mitupu, na mwezi wa nane usingekuwa na kitu. Thoya angelia mwezi wa nane kuliko alivyolia siku ile.

Nikamfunga mtoto kifuani, nikaburuta kigoda changu mpaka chini ya zile mbegu, nikakaa.

"Baba Thoya," nikamwambia, "ukitaka, nisogeze."

Hakuwahi kunipiga maisha yake yote, na hakunigusa siku ile. Alikaa mlangoni, akafungua kamba za viatu, akavipanga kando ya ukuta. Kisha akatoka peku kumfuata mamake, na nilisikia akiita kwenye mvua, "Mama, lete hilo jembe, utateleza."

Muhogo ule kweli ulikuwa mgumu kama Karisa alivyosema, wenye nyuzi. Tuliuchemsha muda mrefu. Mavyaa akanionyesha kuuponda na tui la nazi na kuuregeza mpaka ukawa uji mzito, akanikalisha nile mbele yake, nami nikala kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Wakati wa hatari, katika nyumba ile, aliyenyonyesha ndiye aliyepakuliwa mwanzo. Maziwa hayakurudi yote, lakini yalirudi ya kutosha. Jirani yetu Charo alikuja kuomba, akapewa muhogo. Hakuna aliyemtazama kwa jicho baya. Tulikula mboga ya mchunga, majani machungu ya kando ya njia, tukanywa madafu. Tulikonda. Lakini hatukushusha kitu.

Wiki ziliingia wiki. Mvua ilipopumzika na udongo kukamatana, mavyaa alipanda mwenyewe juu ya kigoda akashusha mbegu zake. Charo akaja tena, safari hii kichwa chini, kwa sababu mahindi yake ya mbegu alikuwa ameyala. Mavyaa akahesabu machache, akamwekea mkononi.

"Lakini utayapukuchulia hapa mbele yangu," akasema, "na nitakusindikiza mpaka shambani. Tumbo lako nalijua tangu utoto."

"Hawe, bibi yangu, huniamini?"

"Wewe nakuamini. Nimesema tumbo."

Charo mwenyewe alicheka, akapukuchua, na mavyaa akamsindikiza kweli, akakaa kwenye kisiki mpaka punje ya mwisho ikafukiwa.

Sasa nikueleze ninalotaka ulishike. Leo nyinyi mna gesi na simu, na duka liko mlangoni. Sisemi mrudi kwenye moshi. Macho ya mtoto ni macho, na Karisa hakukosea kumpenda mwanawe. Tulipokosea ni pale tulipohama moto tukadhani chakula kitajilinda chenyewe. Weka chakula ndani, lakini kile unachokula kila wiki, ule cha zamani na kurudisha kipya nyuma yake, ili usije ukafungua siku ya shida ukakuta wenzio fukusi wameshamaliza. Usitegemee moto wa aina moja. Gesi ikikosekana, ujue kuni ziko wapi, na ziwe kavu. Maji ya kunywa yawe ndani ya nyumba kabla mawingu hayajakusanyika, kwenye chombo chenye kifuniko. Kama mzee wako anameza dawa ya presha, usingoje kidonge cha mwisho ndipo utafute gari. Acha kona ya shamba yenye muhogo, hata kama watoto wanaudharau. Na kuwe na kitu kimoja katika nyumba yako ambacho watu wote wanajua hakiguswi, nao wajue sababu, maana mwenye njaa ukimpa amri bila sababu atakuvizia ukitoka. Halafu fungua mkono kwa jirani katika hicho kinachoweza kuliwa. Nyumba moja haivuki majira kama yale peke yake.

Haya si maneno ya kutisha. Mwaka jana, tulipokuwa na matanga ya Karisa, barabara ilikuwa imeharibika tena na magari yalikwama. Watu walijaa uani kwangu, wakala, wakanywa, wakalala, na hakuna aliyetumwa dukani. Nilikaa mkekani nikalia kwa utulivu, kwa kuwa sikuwa na jambo jingine la kuhangaikia. Hiyo nayo ni faida, ingawa haisemwi: ukipata msiba, upate nafasi ya kulia.

Nakuombea, mwanangu, Mungu aiweke nyumba yako pakavu. Akupe macho ya kuangalia vitu vyako na moyo wa kuvigawa, na siku ukikaa mbele ya jambo gumu, akupe kigoda kisichotikisika.

Imebaki sehemu ndogo, nami siwezi kuiruka.

Mavyaa hakuyala mahindi yale. Alifariki yakiwa bado ya kufika magotini. Sitasema njaa ilimwua, kwa sababu si kweli. Alikuwa na kifua cha siku nyingi, na mvua ile hakuiogopa alipopaswa kuiogopa. Tulimzika kando ya mumewe, tukarudi kupalilia.

Mwezi wa nane mahindi mabichi yakawa tayari. Karisa alivunja machache, akayachoma mwenyewe uani, akaketi chini na kumpakata Thoya, ambaye wakati huo alikuwa na meno mawili tu. Alimpa punje moja. Mtoto akaigeuza mdomoni, akaitema. Akampa nyingine, akaitema nayo. Basi Karisa akachukua ya tatu, akaitafuna yeye taratibu mpaka ikalainika, akaitoa kwa kidole akamtia mwanawe mdomoni, na Thoya akameza.