Ridhimu ya Dansi ya Mwisho

Shemeji yangu aliingia Kitale amevaa koti la marehemu mume wangu, na gitaa langu amelikaba shingo kama mtu anayepeleka kuku sokoni. Hata begi la kulibebea hakulileta. Mvua ya asubuhi ilikuwa bado inadondoka, na maji yalikuwa yanateleza juu ya mbao yake. Nilimwona kutoka dirisha la ghorofani, juu ya duka la vitambaa, nikasema kwa sauti, mbele ya watu, "Hebu mwone, shetani huyu." Sijutii.

Nasema gitaa langu. Yeye anasema lake, ukoo wao wote unasema lake, na kwa mila ya kwao sina pa kusimama. Mume wangu alilinunua Suam, mpakani, kabla hajanioa, kwa Mganda mmoja aliyekuwa anauza redio za mitumba. Ni gitaa la zamani, tumbo kubwa, uso umevimba kama wa fidla, na badala ya tundu la duara lina matundu mawili marefu, moja kila upande. Lakini mume wangu alikuwa mtu wa solo, na kwa solo alitaka lile lake dogo la umeme. Hili kubwa alinitupia mimi tulipooana. "Wewe utanishikia ridhimu," akaniambia, na nikaishika mpaka nywele zikaanza kuingia mvi. Mimi ni binti wa watu wa kuuza mahindi Kitale, watu waliotoka milimani kule kati, nikaolewa Bungoma, upande wa Mabanga. Mama mkwe aliniita "yule wa huko juu" mpaka siku alipozikwa. Katika boma lile lote, ni gitaa tu ambalo halikuwahi kuniuliza nimetoka wapi.

Muziki wetu ulikuwa jazi ya swingi, ile ambayo Wamarekani walichezea dansi siku za vita vya dunia. Bungoma nzima hakuna aliyetuomba tuipige. Mume wangu aliipenda tangu utotoni, kutoka santuri za mwalimu mmoja, na alipopenda kitu alikuwa haambiliki. Watu walitucheka. "Ati hii ni muziki ya nini bana, ya kungojea lifti?" Sisi tuliendelea. Katika swingi gitaa la ridhimu haliimbi. Linachapa pigo baada ya pigo, manne, tena manne, na kila pigo linakatwa papo hapo: mkono wa kulia unachapa, wa kushoto unabana halafu unalegea kabla sauti haijakaa. Ukiziacha nyuzi zilie umeharibu. Hakuna msikilizaji atakayekusifu kwa kazi hiyo, lakini ukiitoa, wanaocheza dansi wataanza kukanyagana.

Ndiyo maana kijana wa duka la vitambaa alitutafuta. Watu wake ni Wahindi wa Kitale, babu yake alikata nguo kwenye meza ile ile ambayo yeye ameijaza nyaya na kompyuta. Alikuwa anatengeneza filamu ya mpishi wa klabu ya walowezi, mpishi aliyerudi kutoka vitani na gitaa mgongoni, na Jumamosi moja bendi ya wazungu ikakosa mpiga gitaa. Filamu nzima ilikuwa inataka swingi. Tulirekodi pale juu ya duka, marobota ya vitambaa yamepangwa ukutani kuzuia kelele za barabara, na karibu muziki wote ukakamilika. Ikabaki dansi ya mwisho, ile ndefu. Nusu ya kwanza tulipiga pamoja. Nusu ya pili mume wangu alirekodi solo peke yake, siku ambayo mimi nilikuwa nimeenda Moi's Bridge kufuata mahindi, kwa sababu alikuwa ameshaanza kuugua na hakutaka kungoja mtu. Ridhimu yangu ningeiweka baadaye. Kabla ya hiyo baadaye kufika, akafa.

Baada ya mazishi kwao kuna siku ya kunyoa. Watu wa nyumba wananyolewa, halafu vitu vya marehemu vinagawanywa mbele ya wazee. Koti likaenda kwa mdogo wake, huyo shemeji. Kiti kikaenda kwa mpwa. Gitaa lilipotolewa nje nikasimama nikasema hilo ni langu, mimi ndiye ninayelipiga. Shemeji akasema kitu cha mwanamume kinaenda kwa mwanamume. Mzee mmoja akacheka, wala si kwa ubaya, akaniambia, "Mama, wewe si uko na kayamba ya kanisa." Wote wakacheka. Nilikaa chini na kichwa changu cha upara, na gitaa likapita mbele yangu likaingia nyumba nyingine.

Kijana wa filamu alinipigia simu akanieleza shida. Nusu ya kwanza ya dansi ina sauti ya gitaa lile. Akiweka jingine katikati ya dansi, hata mtu asiyejua muziki atasikia kitu kimevunjika. "Auntie, bila hilo sina mwisho wa filamu." Basi nikaenda kwa shemeji, nyumba yake na yangu zinatazamana, nikaomba. Mimi nikaomba, Ngai! Yeye akanyoosha miguu, akaniambia gitaa halitoki bila mwenyewe. Atalileta Kitale yeye mwenyewe, na atalipiga yeye mwenyewe. Si ni gitaa tu?

Ndivyo alivyofika juu ya duka na maji yakidondoka. Kijana alimwekea kiti, akamvalisha hedifoni, akasogeza maikrofoni. Shemeji hupiga kanisani, na anapiga vile watu wa kanisa wanapiga, mkono mzima, nyuzi zote zikilia mpaka wimbo uishe.

"Uncle, fupi kidogo," kijana akasema. "Ikate."

"Nikate nini?"

"Sauti. Usiiache iendelee."

"Sasa kama haiendelei, ni muziki gani hiyo?"

Akarudia. Akarudia tena. Solo ya kaka yake ilikuwa inakimbia masikioni mwake na yeye anaifuata nyuma akiparamia vitu. Jasho lilimtoka ndani ya lile koti. Nilifurahi. Wacha niseme wazi, nilifurahi sana, na kama kungekuwa na soda karibu ningeifungua.

Lakini shemeji si mtu wa kukubali kuaibika peke yake. Alivua hedifoni, akaweka gitaa mapajani, akamtazama kijana, si mimi.

"Shida hapa si kupiga," akasema. "Shida ni huyu mama hajaamua kama ni mtu wa nyumba yetu. Kaka ameenda, mimi niko. Akubali nisimamie nyumba yake vile mila inataka, niingie kama mwenye nyumba, hii gitaa inarudi kwake leo leo. Akikataa narudi nayo Bungoma, na hiyo dansi yenu mtamaliza na mdomo."

Ana mke, tena mke mchapakazi, ambaye ndiye alinipikia uji siku zile ambazo sikuweza kusimama. Na hapo anasema maneno hayo mbele ya mtoto wa watu, juu ya duka, mchana. Uso ulinichoma. Nilitaka kumzaba kofi. Na bado, lazima niseme na hili, macho yangu hayakuwa kwake, yalikuwa kwenye gitaa. Kwa muda mfupi nilihesabu ndani ya kichwa changu mlango, kitanda, sauti yake asubuhi, na gitaa limerudi kwenye msumari wake ukutani. Nililitaka kiasi hicho. Sijawahi kumwambia mtu.

Kijana alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Uncle, tafadhali, turekodi kwanza. Mambo ya familia mtaongea mkimaliza."

Shemeji akatabasamu, akanipa gitaa. Aliamini nikishalishika sitaliachia. Katika hilo si mjinga, alinijua.

Nikalipangusa maji na leso ya kichwa. Nikalikaza, uzi mmoja mmoja. Nikavaa hedifoni, nikamwambia kijana afungulie.

Solo haikuanza mara moja. Kwanza kiti kililia. Kisha mtu akakohoa, kikohozi kile cha miezi ya mwisho ambacho nilikuwa nimekisahau makusudi. Kisha mume wangu akasema, karibu kabisa na sikio langu, "Akija mwambie asinikimbize."

Kijana alikuwa amesahau kukata kipande hicho. Akaniinulia mikono kuomba msamaha, nikamwashiria aache tu iendelee. Maisha yetu yote alilalamika kwamba namkimbiza. Tuligombana juu ya jambo hilo jikoni, shambani, mara moja hata msibani kwa watu. Mtu amekufa, amezikwa, na bado analalamika! Nilimkasirikia hapo hapo, kwa nguvu, kwa kutoningoja nitoke Moi's Bridge, kwa kufa kabla ya kusema mbele ya wale wazee wake gitaa ni la nani.

Halafu solo ikaanza, na sikumkimbiza. Niliketi chini ya kila noti yake. Alipochelewa kidogo, vile alivyopenda kuchelewa ili mtu adhani amepotea, nilimshikia mahali pake mpaka akarudi. Piga, kata. Piga, kata. Alipofika mwisho nilifika naye, na mkono wangu wa kushoto ukalegea. Kijana aliangalia kompyuta yake, akabonyeza, akatikisa kichwa kuonyesha imeingia.

"Haya," shemeji akasema. "Unasemaje?"

Nikaanza kulegeza uzi wa kwanza.

"Unafanya nini?"

"Natoa nyuzi."

"Ati unatoa nyuzi?"

"Hizi nilinunua mimi, pale Bungoma, na risiti ina jina langu. Siku ya kunyoa mligawa gitaa. Nyuzi hamkutaja."

"Wewe mwanamke una wazimu."

"Ninao, shemeji. Na gitaa ni lako, nimekubali, chukua. Nyumba yangu usiitie mguu."

Nilizitoa moja moja, nikizikunja, nikizitia kwenye mkoba. Gitaa la aina ile, kile kijibao kinachobeba nyuzi katikati ya tumbo hakijagundishwa. Kimekaa tu juu ya mbao, kinashikiliwa na mkazo wa nyuzi, basi. Uzi wa mwisho ulipolegea, kikaanguka sakafuni, tak, na shemeji akaruka kama ameona nyoka.

Pale kilipokuwa kimekaa kulikuwa na alama za penseli, mistari miwili midogo. Ilichorwa na mume wangu. Kijibao kile ukikiweka vibaya kwa upana wa ukucha tu, gitaa zima linatoka nje ya sauti, na hakuna kukaza kutakakolisaidia. Yeye alikitafutia mahali pake Jumapili nzima, mimi nikigusa uzi, yeye akikisogeza, tukibishana, mpaka akaridhika akachora. Hakuwa mtu wa kuandika. Sina barua yake hata moja. Mistari ile ilikuwa karibu kila kitu nilichokuwa nacho cha mkono wake.

Niliitazama. Kisha nikalamba kidole gumba, nikaifuta, mmoja, na wa pili, mpaka mbao ikawa safi.

Shemeji hakuelewa nilichofanya. Aliinama akaokota kijibao, akakigeuza huku na huku. Akakiweka juu ya gitaa, kikateleza. Akakiweka tena, mahali pengine.

"Sasa hii inakaa wapi?" akaniuliza.

"Muulize ndugu yako," nikamwambia.