Jina Asilolitaja Amoena

Kilimani Aventino, kwenye ghorofa ya tano, Amoena alijulikana kama Mama Dengu, kwa kuwa aliuza dengu za kuchemsha pale chini mlangoni. Jina lake halisi hakuna jirani aliyelijua, na mwenyewe ndivyo alivyotaka. Mwanawe Docilis aliendesha gari la mashindano la farasi wanne, la kundi la Kijani. Mashabiki wa Buluu, kundi pinzani, wakitaka mwendeshaji aanguke, huchora jina lake kwenye kibamba cha madini ya risasi na kukifukia kaburini. Ila jina lake peke yake halina nguvu. Lazima liandikwe pamoja na la mama yake mzazi, maana baba anaweza kuwa yeyote.

"Usimwambie mtu wewe ni nani, mama," Docilis alimwonya alipohamia mazizini kwa farasi wa kundi lake. Sasa ni mwaka wa nne, na hajaja nyumbani hata mara moja, asije akafuatwa.

Mwezi ule homa ilimlaza Amoena. Sabida, jirani mgeni wa chumba cha pili, akamletea uji wa shayiri siku tatu mfululizo.

"Kunywa, Mama Dengu. Ukifa, nani atatuuzia dengu zenye mchanga?"

Amoena alicheka mpaka akakohoa. Hakukumbuka lini aliwahi kucheka na mtu.

"Kesho napita hekaluni kwa mungu wetu Diana, nitakuombea," Sabida akasema. "Jina lako hasa nani?"

Amoena akashika ukingo wa shuka. "Mumeo ni shabiki wa nani?"

"Buluu. Mimi kazi yangu kumfulia kanzu tu. Kwani vipi?"

"Mwambie mungu ni Mama Dengu. Atanijua."

"Wauza dengu wa mji huu wote atawajua?" Sabida alingoja. Tabasamu likamtoka usoni taratibu. "Mimi langu nilikupa siku ya kwanza, dada."

Akachukua bakuli lake, akatoka.

Siku ya mashindano Amoena alijikongoja hadi safu za juu kabisa za uwanja, akapata nafasi katikati ya watu wa Buluu.

"Yule wa Kijani hana mama," mwanamume wa mbele yake alisema huku akitafuna. "Kazaliwa na punda."

Wenzake wakacheka. Amoena akatazama uwanjani.

Mzunguko wa tano, gurudumu la Docilis liligonga ukuta wa kona na gari likapinduka. Hatamu alizojifunga kiunoni zikamburuta mchangani, akipapasa kisu mkandani, mpaka akakipata na kuzikata. Akainuka, akachechemea hadi pembeni. Waliomzunguka Amoena wakazomea. Yeye alikuwa ameuma mtandio wake, hata machozi hakuyaruhusu.

Alirudi na hakika moja: kama angemtajia Sabida jina lake, kisu kisingekata. Docilis ana miaka ishirini na mbili. Wenye bahati huendesha hadi thelathini na kitu.

Kabla ya jua kuzama alichukua ndoo. Alipofungua mlango akamsikia Sabida akicheka ngazini na mwanamke wa ghorofa ya tatu. Akaurudisha mlango, akasimama nyuma yake mpaka walipoingia ndani, ndipo akashuka kuteka maji.